Safari ya Kufuata Mninga

Tangu nikabidhi ufunguo wa karakana, kila fundi kijana anayenikuta sokoni ananiuliza swali lilelile: "Mzee Aminieli, sasa unafanya nini?" Ninakaa. Ndiyo ninachofanya. Ninakunywa chai isiyo na vumbi la mbao, na nimegundua kwamba ile ladha niliyoizoea miaka yote haikuwa ya chai. Mke wangu anasema nikiendelea kukaa hivi atanituma kuchunga ng'ombe, naye anajua fika kwamba huku kwetu ng'ombe hawachungwi, wanaletewa majani bandani kama wagonjwa. Kwa hiyo nimeona bora niandike. Habari za vyeo sina, maana karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, fundi na asiye fundi. Nitawaandikia juu ya kukereza mbao, nilivyoanza na nilivyomaliza.

Nilianza kwa Mzee Harbans, Kalasinga aliyekuwa na karakana si mbali na stesheni ya reli hapa Moshi. Nilishuka kutoka Machame asubuhi nimevaa suruali ya kwaya, nikiamini nitapewa mashine. Nikapewa ufagio. Siku nzima nilifagia maranda, na ilipofika jioni mzee akaniita, akafuta miwani yake, akauliza, "Leo sikia nini?"

"Nimesikia kelele, mzee."

"Hapana kelele. Kesho fagia tena."

Kwa asiyeijua kazi hii, mashine ya kukereza hukizungusha kipande cha mti, naye fundi hushika chuma na kukisogeza taratibu mpaka kipande kiwe mguu wa kitanda, nguzo ya ngazi au mpini wa nyundo. Chuma kikiwa kikali, mashine huimba. Kikiwa butu, hulia. Ilinichukua majuma kadhaa ya kufagia kuutambua ule wimbo na kile kilio, na siku nilipomwambia Mzee Harbans kwamba fundi wake wa pale mwisho anakereza kwa chuma butu, alininyang'anya ufagio bila kusema asante. "Chuma ikilia, hapana lazimisha," akasema. "Enda noa." Hayo ndiyo mafunzo niliyopata, na sijui kama chuo kina mengi zaidi ya hayo.

Somo la pili lilikuwa uani. Nyuma ya karakana mbao zilipangwa moja juu ya nyingine, katikati vimewekwa vijiti ili hewa ipite, na kila moja imeandikwa kwa chaki mwezi na mwaka ilipopangwa. Mzee alikuwa na sheria yake: inchi moja, mwaka mmoja. Ubao wa inchi mbili usiuguse kabla ya miaka miwili, hata aje nani. Tulikuja kuona sababu tulipoitwa kwenye nyumba moja ya wafanyabiashara wa Kihindi hapa mjini kutazama pembea yao ya sebuleni. Fundi mwingine alikuwa amekereza nguzo zake kwa mti mbichi, nazo zilipokauka zilijipinda, ikawa kila anayeketi anateleza polepole hadi mapajani mwa mama mkwe. Bibi harusi wa nyumba ile alikuwa hataki tena kukaa sebuleni. Tulikereza nguzo mpya kwa mvule mkavu, amani ikarudi.

Mzee Harbans alipokuwa ameanza kuugua, gari la mvule lilikuja, mbao nene kwelikweli, akatuamuru tuzipange. Nikamuuliza zitakauka lini. "Ikikauka tutaona," akajibu, akaendelea kuelekeza vijiti viwekwe wapi. Yeye hakuziona zikikauka. Watoto wake walikuwa wameshahamia ng'ambo, mashine akaniachia mimi, na mvule ule niliutumia kwa muda mrefu huku nikimkumbuka.

Sasa nije kwa Ndeshi, binti ambaye wengi wenu mnamfahamu. Alikuja kwangu akiwa ameshamaliza chuo cha ufundi, mtu mzima wa kutosha kunibishia, na alianza kunibishia siku ileile. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Nimewahi kuwa na mafundi wengi, baadhi wazuri, lakini huyu ndiye peke yake niliyekuwa nasimama kumtazama akikereza huku nimesahau kazi yangu. Tatizo letu lilikuwa bobari. Bobari ni patasi yenye mdomo wa mviringo kama mfereji, nayo ndiyo chombo cha kwanza cha mkerezaji. Zile tulizorithi zilikuwa zimenolewa miaka mingi hadi zikabaki vijiti. Tulinunua mpya madukani, zikawa chuma cha sufuria, unanoa asubuhi na chai ya saa nne haijafika zimekuwa butu. Nikajaribu kutengeneza yangu kwa tupa kuukuu. Msijaribu. Chuma cha tupa hukatika kama biskuti, na kipande kilichoruka kilichoma kalenda ya ukutani palepale ilipoandikwa Pasaka.

Ndeshi alikiokota kile kipande akakiweka mezani kwangu. "Mzee, nikwambie ukweli?"

"Sema."

"Siwezi kukereza kwa vijiko. Kuna duka la fenicha Arusha wananitaka, vitanda vinatoka nje vimeshakerezwa tayari, mimi ni kuuza tu. Wewe mwisho wa mwaka unastaafu. Ukitoka, na mimi natoka."

Nilimwambia ni sawa, kila mtu atafute riziki yake. Haikuwa sawa hata kidogo. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula, nikawa naiona ile mashine imewekwa nje na mtu wa vyuma chakavu anaizunguka.

Katikati ya hali hiyo ndipo simu ilipoingia kutoka Masama. Aliyepiga ni Mzee Kaanaeli, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa la kule, mtu ambaye kwenye simu huongea kana kwamba simu yenyewe haipo na anataka sauti ifike kwa miguu. Vinguzo vya reli ya madhabahu vilikuwa vimeliwa na bungua, wale wadudu watoboao mbao. Wanakamati wengine walitaka kuweka mabomba ya chuma yanayong'aa. Yeye alitaka mbao, na walikuwa wamempa muda hadi Majilio, majuma yale ya kabla ya Krismasi.

"Watu wote wanarudi nyumbani Krismasi!" akapiga kelele. "Waje wakute mabomba kama ya benki? Nakuletea kinguzo kimoja kwa bodaboda, ufuate umbo lilelile. Na mti uwe uleule wa mwanzo. Mninga!"

Kinguzo kikaja, kimepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, huwezi kujua ndani kuna nini. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyotarajia. Nikasema ni bungua wamekula uzito.

Mninga mnene wa kukereza haukuwepo Moshi, wala Arusha. Wauzaji wote walinijibu neno moja, Tabora. Nikamwambia Ndeshi, twende wote. Nilikuwa na hesabu yangu moyoni: nchi ni kubwa, barabara ni ndefu, haiwezekani tuivuke yote tusikute bobari nzuri mahali. Ndeshi akaazima pikapu ya kaka yake kwa sharti kwamba mimi nisiguse usukani. Mke wangu akatufungia kiburu na ndizi za kuchoma za kutosha kulisha kwaya, na asubuhi na mapema tukauacha mlima nyuma yetu.

Safari hiyo ingetosha kitabu, ila nitasema yanayohusu kazi. Babati tulipata msasa wenye mgongo wa kitambaa, usiochanika ukiuzungushia kwenye kinguzo, dukani kwa mtu aliyedhani tunautumia kusugulia magari. Singida tulipata mkanda wa mashine. Hapa sikilizeni vizuri: mkanda wa mashine ya kukereza usiuulizie kwenye duka la seremala, atakushangaa. Nenda wanakouza vipuri vya mashine za kusaga mahindi. Muuzaji alitaka kujua tunasaga magunia mangapi kwa siku. Ndeshi akamjibu kwamba sisi tunasaga vitanda. Kuhusu bobari, kila mahali tuliulizia, na kila mahali tulionyeshwa zilezile za chuma cha sufuria, nyingine zina mipini ya rangi nzuri sana. Tulipotoka Nzega Ndeshi aliacha kushuka kwenye gari. "Nenda tu uulize, Mzee," alisema. "Mimi nakusubiri hapa."

Tabora mninga tuliupata, wenye mihuri na karatasi zote za maliasili, maana hamna fundi anayetaka kulala getini na mbao zisizo na kibali. Lakini nilipougusa nikajua. Ulikuwa bado una maji. Nilimwambia Ndeshi tutaukereza kwa kuupunguza kwanza, tuuache upumue, kisha tumalizie. Wote wawili tulijua kwamba vinguzo vile vingesimama wima Krismasi na ikifika Pasaka vingekuwa vimeanza kutazamana.

Tuliupakia hivyohivyo. Kabla ya kugeuza gari nikataka nta ya nyuki, kwa sababu nta ya Tabora ukiipaka kwenye mbao inayozunguka inang'aa bila vanishi. Sokoni tukamkuta mama mmoja anauza asali na nta. Alikuwa anakata nta kwa kisu, na mpini wa kisu kile ulikuwa na shanga tatu ndogo zilizokerezwa kwenye mti wenyewe, kila moja nyembamba kuliko ya nyuma yake, safi kabisa. Nikasahau nta.

"Mama, mpini huu amekereza nani?"

"Baba yangu huyo, mzee wa reli. Kwani umeharibika?"

Ndeshi alikuwa garini. Nilimwita kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu suruali ya kwaya.

Baba yake huyo, Mzee Mrisho, tulimkuta chini ya banda la bati, ana mashine ndogo aliyoifunga kwenye gogo la msufi. Kazini kwake reli alikuwa akikereza maumbo ya mbao ya kutengenezea kalibu za mchanga, zile za kumiminia chuma kilichoyeyushwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanitazama kofia na koti. "Mangi, umepotea njia? Maduka yako kule barabarani." Nilicheka. Huku kwingine Mchagga ni Mangi, na Mangi ni duka, hakuna anachoweza kusema kumponya. Nilipomweleza tunachotafuta, aliingia ndani akatoka na kitambaa cha khanga kilicholowa mafuta, akakifungua mezani. Zilikuwa bobari ndefu, za upana mbalimbali, chuma cha zamani kizito, na zimenolewa mdomo wa wembe.

"Nilipostaafu waliniambia nichague," alisema, "saa ya ukutani au vyombo vyangu. Mke wangu alitaka saa. Hakuongea nami siku nyingi."

"Unauza, mzee?"

"Siuzi." Akamgeukia Ndeshi. "Mwanao huyu?"

"Ni fundi mwenzangu."

"Basi akereze nione."

Akamfungia kipande cha mninga na kumpa bobari nyingine, ya pale kwenye mashine, ambayo, niligundua baadaye, aliichagua butu makusudi. Ndeshi akaiwasha mashine, akagusa mti mara moja, akazima. Alikwenda kwenye jiwe la kunolea pale pembeni, akanoa, akarudi. Safari hii mashine iliimba, na maranda yakatoka marefu, yakamrukia mzee mapajani. Mzee Mrisho alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua alichukua rando moja refu akalinyoosha, akatingisha kichwa, na mimi nilijikuta natokwa na machozi mbele ya watu nisiowajua.

"Huyu namuuzia," akasema. "Wewe Mangi unastaafu, utazifanyia nini, utachimbia viazi? Lakini nikuulize, binti. Utazitumia?"

"Tuna kazi ya kanisa, babu. Nitaimaliza nazo."

"Sikuuliza kanisa."

Ndeshi alikuwa bado ameishika ile bobari. "Sijui, babu," akasema. "Kwa kweli sijui."

Nilidhani mzee atazifunga zile bobari kwenye khanga yake azirudishe ndani. Akafunga kweli, kisha akampa Ndeshi kile kifurushi. "Nenda nazo. Ukijua kwamba hutaki, nipigie uniambie, unirudishie, nami nitakurudishia chako. Zisikae kwenye kabati la mtu." Tukapatana bei, akatupa na chai.

Safari ya kurudi tuliongea kidogo. Mimi nilikuwa na furaha ya bobari na hofu ya mninga. Yeye sijui alikuwa na nini. Kifurushi kilikaa mapajani mwake kila alipopumzika kuendesha, na kwa kuwa mimi sikuruhusiwa usukani, alipumzika gari likiwa limesimama.

Tulipofika hatukwenda nyumbani kwanza. Tulipita Kwa Sadala tukapanda moja kwa moja hadi Masama, ili Mzee Kaanaeli auone mzigo na kamati itulie. Alitoka kanisani akifuta mikono, akazunguka pikapu, akapapasa mbao.

"Mbao nzuri sana hizi. Mnazipeleka wapi?"

"Ni zako, mzee. Za vinguzo."

"Hapana. Mimi nilikwambia mringa."

"Ndiyo huu, mninga."

"Mringa!"

"Mninga, mzee! Nimeufuata Tabora!"

"Tabora ukafanye nini? Mringa!"

Wazee wawili tulisimama kwenye ngazi za kanisa tukipigiana kelele neno moja, mpaka Ndeshi akaketi chini kwa kucheka. Alikuwa amekwangua rangi ya kile kinguzo cha zamani, tulichosafiri nacho, kwa mdomo wa bobari ya Mzee Mrisho, na ndani kulikuwa na mti wa kahawia hafifu ambao nimeuona tangu nazaliwa. Alinyoosha mkono kuelekea shambani, juu ya migomba na kahawa, ambako ule mti umesimama katika kila kihamba ukitupa kivuli. "Mringaringa, Mzee! Anasema mringaringa! Wewe ni Mmachame kweli au tumekuokota Tabora?"

Sisi watu wa mlimani tunalikata jina lile, tunasema mringa. Mama yangu alisema hivyo. Kijiko chetu cha kupakulia mtori kilikuwa cha mringa. Lakini miaka yote mjini wateja walinitajia mninga, mninga, mpaka sikio langu likawa halisikii kingine.

Nilikasirika, nisiwafiche. Nilifikiria Babati, Singida, Nzega, na mgongo wangu. Kisha Mzee Kaanaeli akatufungulia ghala la zamani la kahawa. Zamani mringaringa ulikuwa umeanguka kihambani kwa marehemu mama yake, naye akaupasua mbao nene, na kwa kuwa hakujua azifanyie nini alizipanga humo, akaziwekea vijiti katikati. Alikuwa ameshasahau ni miaka mingapi. Ndeshi akagonga moja kwa kifundo cha kidole, ikajibu kama ngoma. Kavu kabisa. Tulitazamana, na hasira yote ikaniisha palepale. Kama ningesikia vizuri kwenye simu, tungechukua mbao hizi siku ileile, tukazikereza kwa vijiko, na mabomba ya benki yangeshinda.

Vinguzo alivikereza Ndeshi. Mimi nilipiga msasa wa Babati na kupaka nta ya Tabora, na mara nyingine nilifagia. Majilio yalikuta reli imesimama, na Krismasi watu waliorudi kutoka Dar na Mwanza walipiga magoti pale bila hata mmoja kuuliza ni kazi ya nani, jambo ambalo kwa mkerezaji ndiyo sifa. Mzee Kaanaeli alinikonyeza katikati ya sala.

Zikabaki siku chache mwaka uishe. Nilikwenda karakanani na ufunguo mfukoni, kuufunga mlango au kuukabidhi, sikujua lipi. Duka la Arusha lilikuwa linamsubiri Ndeshi baada ya mwaka mpya, nami nilikuwa nimejizuia kumuuliza, maana niliogopa jibu. Mashine ilikuwa imezimwa. Ile khanga ya Tabora ilikuwa imekunjwa mezani, tupu.

Ndeshi aliingia kutoka uani, mikono imejaa chaki. "Shikamoo Mzee. Una namba ya yule babu wa Tabora?"

Nilikumbuka alivyoambiwa: ukijua kwamba hutaki, nipigie. Nilimsomea namba polepole, nikitamani nikosee. Akapiga palepale mbele yangu, akamsalimia, akamuulizia hali ya mama wa asali.

"Babu, nilitaka kukuuliza," akasema. "Ile patasi ya mshazari niliyoiona nyuma ya mlango wako, unayo bado?"

Nikatoka nje ili asinione uso. Uani, pale Mzee Harbans alipokuwa akipanga mbao zake, mninga wetu wote wa Tabora ulikuwa umepangwa safu juu ya safu, vijiti katikati, na kila ubao umeandikwa kwa chaki mwezi na mwaka. Nilipima unene wake kwa vidole. Zilikuwa mbao za inchi tatu. Nikarudi ndani nikampa ufunguo.